Ngoma ya Bi Somoe na Mikono Minne ya Vanishi

Nyie mliobaki karakana mmeniomba niandike, nami nimekubali haraka kuliko nilivyotegemea. Mwanamke aliyestaafu wiki sita zilizopita ana muda mwingi na viti vichache. Vya nyumbani kwangu vyote nimeshavipiga msasa. Hata mwiko wa jirani unang'aa, na mwenyewe hakuniomba. Sasa asubuhi ninakaa barazani, Masasi ikiwa bado haijaanza kelele zake, ninayatazama yale majabali yetu yakitoka kwenye kijivu kwenda kwenye kahawia, na mikono inajizungusha yenyewe mapajani kana kwamba bado imeshika kitambaa cha polishi. Mjukuu wangu anadhani ninasali.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Vimo kwenye faili, na faili lile halikuwahi kunifundisha kitu. Nitaandika siku ya kwanza kidogo, vifaa kidogo, halafu nitaandika habari ya ngoma moja. Hiyo hamuijui, kwa sababu nimekaa nayo kimya miaka thelathini na zaidi.

Niliingia karakana nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nimeshuka kutoka kijiji kimoja cha Newala, nimevaa gauni la Idi. Nilidhani nitapewa meza. Nilipewa ubao. Aliyenipa alikuwa Fundi Laurenti, mtu wa Lukuledi, mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba ya viatu, na daima akiimba kitu cha kanisani kwa sauti ya chini sana, hata hujui kama ni yeye au ni nyuki.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Funga macho."

Nikafunga. Akaniwekea msasa mkononi, akaondoka. Wiki nzima nilisugua ubao ule nimefumba macho, na kila jioni alikuja kupitisha migongo ya vidole vyake juu yake, akasema, "Bado." Aliamini macho yanapenda kusifiwa, ndiyo maana yanamwambia fundi kazi imekwisha kabla haijaisha. Siku ya sita nilikuwa nimefumba macho nikaona, kweli nakwambieni niliona, mistari ya mbao ikipita chini ya vidole kama njia za kwenda shamba. Sijui nilikuwa macho au nilisinzia. Fundi Laurenti akagusa, akanyamaza kuimba. "Kesho njoo na nguo ya kazi," akasema.

Baada ya hapo nilijifunza yote mnayoyajua: shelaki, ile gundi ya kung'arishia mbao, inayolowekwa kwenye spiriti hadi iyeyuke, pamba iliyofungwa ndani ya kipande cha shuka kuukuu, mkono unaozunguka bila kusimama, maana ukisimama tu kitambaa kinang'ang'ania na kuacha kovu. Nilijifunza kukwangua rangi ya zamani kwa kigae cha kioo. Nilijifunza kwamba majivu laini yaliyochungwa, yakichanganywa na mafuta kidogo ya kupikia, huondoa lile duara jeupe linaloachwa na sufuria ya moto mezani. Mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba aliniletea meza ya marehemu mama yake yenye duara la namna hiyo. Nilipoliondoa akakasirika sana, akasema lile duara lilikuwa la mama. Tangu siku ile huwa ninauliza kwanza.

Laiti ningekuwa nimejifunza kuuliza mapema zaidi. Ile ngoma ilikuja kabla ya meza ya mwalimu, katika mwaka wangu wa tatu.

Ililetwa na mwenyewe, Bi Somoe, nyakanga wa kijiji kilichopo nyuma ya Newala, kule uwanda unakokaribia kukatika na kuanza kuteremka Ruvuma. Nyakanga, kwa nyie mliotoka mikoa mingine, ndiye mkuu wa unyago. Wasichana hawaingii wala hawatoki bila yeye. Wakati ule alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mrefu, anayetembea taratibu kama anayesikia kitu mbali. Ngoma aliirithi kwa mama yake, naye mama kwa mama yake. Ilichongwa kwa gogo moja, mguu wake umechongoka ili uchomekwe ardhini, na mwili wake wote ulikuwa mweusi. Si weusi wa rangi. Ulikuwa weusi wenye kina, kama maji ya kisima unapochungulia asubuhi. Upande mmoja palikuwa pamebabuka, pakubwa kama kiganja.

"Naomba mpashike hapa palipobabuka tu," akasema. "Kwingine paacheni."

Fundi Laurenti hakuwapo. Alikuwa amekwenda Lukuledi kumzika mama yake, na karakana alikuwa ameniachia mimi. Kichwa kilinivimba. Nilisikia pia kwamba siku ya wasichana kutoka kutakuwa na wageni wa wilaya. Nikaitazama ngoma ile, nikaona masizi na uchafu wa miaka mingi, nikajisemea kwamba mama wa watu hajui kitu gani kinawezekana. Nikaipiga msasa yote. Ilinichukua siku tatu, na vumbi lake lilikuwa jeusi, zito, likiniwasha puani. Kisha nikaipaka vanishi, mikono minne, maana sisi mafundi kila mpako wa vanishi tunauita mkono. Nilipomaliza nilijiona usoni mwake.

Niliipeleka mwenyewe Newala. Ulikuwa msimu wa baridi na ukungu ulikuwa umelala barabarani, lori likipita ndani yake taa zikiwaka saa mbili asubuhi, na mimi nyuma nimeikumbatia ngoma kama mtoto. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kazini. Bi Somoe akaifunua. Aliitazama, akanitazama, akaona wageni wameshakaa kwenye viti. Akaguna tu.

Sasa nyie mnaotoka kule juu mmeshajua kilichofuata. Ngoma haipigwi baridi. Inapashwa moto wa nyasi kavu ili ngozi ikaze. Nimezaliwa kwenye uwanda ule, nimeona ngoma zikipashwa moto tangu nabebwa mgongoni, na siku zote nilizokuwa nikipaka vanishi ile jambo hilo halikunijia kichwani hata mara moja. Miaka mitatu ya meza na makabati ilikuwa imenifuta.

Bi Somoe akawasha nyasi, akaielekeza ngoma kwenye moto kwa umbali uleule aliouzoea. Kwanza ilitoka harufu. Kisha vanishi ikavimba malengelenge kama mguu uliomwagikiwa uji, ikaanza kutiririka, ikashika moto. Akaizima kwa kanga aliyokuwa amevaa begani. Ngozi ilikuwa imeshapasuka. Wasichana walikuwa wameshapangwa mlangoni, wamepakwa mafuta, wana kanga mpya, wanasubiri mlio. Wanawake wakatazamana. Mmoja akachukua ndoo ya plastiki, akaipindua, akaanza kuipiga kwa viganja, na wasichana wale wakatoka wakicheza kwa ndoo.

Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Nilitembea hadi Newala mjini kwa miguu.

Fundi Laurenti aliporudi alikuwa ameshasikia kwamba ngoma imeungua, akaniuliza. "Vanishi ilikauka vizuri?"

"Ilikauka, fundi."

"Sasa ilikuwaje?"

"Waliisogeza mno kwenye moto," nikasema.

Akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa. "Basi," akasema, akaendelea na kazi. Sentensi yangu ilikuwa fupi, na nilidhani imeishia pale.

Miaka ikapita, mnajua inavyopita karakana, kwa harufu zaidi kuliko kwa tarehe. Kuna mwaka wa harufu ya mbao za mkongo, mwaka tulipotengeneza madawati. Kuna mwaka wa thina mbaya iliyotuumiza vichwa. Fundi Laurenti alistaafu, na alipofariki alizikwa kwao Lukuledi. Kigae chake cha kioo, amekizungushia ngozi ili kisimkate, aliagiza nipewe mimi. Nilikuwa fundi mzuri. Ninalisema bila haya. Ila kila nilipotakiwa kwenda upande wa kile kijiji niliumwa tumbo, nikamtuma mwingine. Wengine wenu mlitumwa.

Mwezi wa tano mwaka huu, zikiwa zimebaki wiki chache niage, aliingia mwanamke wa makamo amebeba kitu ndani ya kanga. Mama Shukuru, akajitambulisha. Akaamkia, nikaitika, akafungua kanga juu ya meza yangu.

Niliijua kabla hajamaliza kuifungua. Upande mmoja ilikuwa makaa. Upande mwingine vanishi yangu ilikuwa bado ipo, imegeuka njano, imepasukapasuka kama tope lililokauka, na juu yake moshi wa jikoni ulikuwa umeganda.

"Ni ya bibi yangu," akasema. "Ilikaa darini jikoni miaka yote. Binti yangu anatoka unyago likizo hii ya mwezi wa sita, na mimi ninataka atoke kwa hii. Mimi nilitoka kwa ndoo, mama. Sitaki Shukuru naye atoke kwa ndoo."

"Bibi yuko hai?" Sauti yangu niliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili.

"Yupo, ila macho hayaoni vizuri. Na unyago aliacha tangu ngoma ilipoungua. Anasema nkono wake uliharibika, aliisogeza mno kwenye moto. Fundi wa hapa hapa alikuja kumwambia. Mzee mmoja wa miwani ya kamba. Alikuja kwa upole tu, akamwomba asimlaumu binti yake wa karakana, kwa sababu moto ndio ulisogezwa. Bibi akasema, kama nkono wangu umeiunguza ngoma ya mama, siwezi kuwashika watoto wa watu."

Mama Shukuru aliendelea kusema, lakini mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Nilimwona Fundi Laurenti akifuta miwani yake, akipanda lori kwenda kunitetea kwa uongo wangu mwenyewe. Niliona aibu ambayo haikuwa na mahali pa kwenda. Mwanamke mwenye miaka hamsini, mwenye nguvu zake, alikuwa ameketi chini kwa sababu ya sentensi yangu, na hajainuka tangu hapo.

Sikukiri kitu. Nikamwambia Mama Shukuru aniachie ngoma.

Nilianza na vanishi. Niliilowesha kwa spiriti kidogokidogo, nikakwangua kwa kigae cha Fundi Laurenti, nikifumba macho ili vidole vinieleze wapi pa kuishia. Sikutumia msasa hata kidogo. Yale makaa nayo sikuyatoa hadi chini. Niliyasugua kwa kitambaa hadi yalipoacha kuchafua, kwa sababu nayo yalikuwa yameshakuwa sehemu ya mti. Siku ya nne, chini kabisa ambapo mguu unaanza kuchongoka, nikagusa kitu laini. Palikuwa na kipande cha ule weusi wa zamani, kikubwa kama jani la mkorosho, ambacho msasa wangu wa ujana ulikuwa umekiruka. Nilikaa nacho mchana mzima. Spiriti haikukiyeyusha. Thina haikukigusa. Nilipokipasha moto kidogo kikatoa harufu ya mbarika, ya moshi, na kitu kingine kikali kilichonichoma kooni, na nikajikuta niko mtoto, nimejificha nyuma ya jiko siku ya kuchoma korosho.

Mafuta ya ganda la korosho. Yale yanayobabua ngozi, ambayo kila mama huku huwapigia watoto kelele wasiyaguse. Nikajaribu kwenye vipande vya mbao. Cha kwanza kilinata, hakikukauka. Cha pili kiligeuka kijivu. Cha tatu kilinitoa malengelenge vidole vitatu. Sikujua yanachanganywaje, wala yanakazwa na nini. Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu.

Nilipanda Newala siku iliyofuata. Ukungu ulikuwa uleule, utadhani ulikuwa ukinisubiri tangu siku ile. Bi Somoe alikuwa ameketi uani kwenye kigoda akibangua korosho kwa kuzipapasa, na maganda aliyatupa kwenye debe bila kukosea. Alikuwa amepungua mwili, lakini shingo ilikuwa ileile, ya mtu anayesikia kitu mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni fundi wa Masasi. Wa ngoma."

Akanyoosha mkono, nikampa wangu. Akavipapasa vidole vyangu, akafika kwenye malengelenge. "Hee! Umeyachezea maganda wewe, bila kujipaka majivu. Nani kakufundisha?"

"Hakuna, mama. Nimekuja unifundishe. Lakini kwanza nina neno." Nikapiga magoti kwenye ule udongo mwekundu. "Yule binti wa karakana ni mimi. Ulisema mpashike palipobabuka tu, mimi nikaipiga msasa yote, nikaipaka vanishi. Vanishi inashika moto. Wewe hukuisogeza. Niliogopa, nikamwambia fundi wangu kwamba mliisogeza, naye akaamini, akaja kukuambia."

Mkono wake ulibaki juu ya wangu. Kisha akauondoa.

"Hukuisogeza, mama," nikasema tena.

"Nimesikia." Akachukua korosho nyingine, akashindwa kuibangua, akairudisha. "Nilikuwa na miaka hamsini. Meno yote ninayo. Wasichana wangapi wametoka hapa, mimi nimekaa ndani ninasikiliza?"

Nikaitazama ile korosho aliyoirudisha.

"Ntu mzima mimi, kila nikiwasha jiko ninautazama nkono huu." Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilikaa pale. Mama Shukuru alikuja, akatutazama, mimi na mlango, na kwa kuwa uani hakuna siri alikuwa ameshasikia. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Ukungu ukainuka polepole, mikorosho ikatokea mmoja mmoja, kisha paa la msikiti, kisha kule mbali bonde lote la Ruvuma likajifungua bluu, na mimi bado nimepiga magoti, nikiwaza kwamba kama mlango ule hautafunguka ni haki yake. Adhuhuri ilipoadhiniwa ukafunguka. Bi Somoe alitoka na mkebe uliotobolewa matundu.

"Jaza maganda," akasema. "Washa moto. Na jipake majivu hiyo mikono, sitaki kukuuguza."

Alinifundisha siku mbili. Mambo yenyewe ni haya, na ninayaandika ili yasipotee. Maganda yanapashwa ndani ya mkebe wenye matundu, mafuta yanadondokea kwenye chungu kilichofukiwa chini. Yanachanganywa na mafuta ya mbarika na masizi ya chini ya sufuria, hadi yateleze kidoleni kama uji wa mtoto. Unapaka kidogo kwa kitambaa, unafuta karibu yote, ubaki unyevu tu. Kisha unapasha kwenye moto wa nyasi hadi unyevu ukauke na kuwa mgumu. Halafu unarudia. Hapo ndipo nilipoelewa, nikacheka na machozi yakinitoka. Ule weusi ulikuwa ni rangi inayopikwa na moto. Kila mara ngoma ilipopashwa tangu enzi za bibi yake, ilikuwa inazidi kukomaa.

Niliporudi Masasi niliipaka ngoma na kuipasha mara ishirini na mbili. Ngozi mpya ya mbuzi tukaiwamba. Nyie mlilalamika moshi karakana, mtanisamehe.

Siku ya Shukuru kutoka, wanawake walijaa uani. Wengine walikuwa watu wazima wa rika la Mama Shukuru, wale wa ndoo. Nyasi ziliwashwa. Nilitaka kumkabidhi Bi Somoe ngoma, akakataa.

"Ipashe wewe. Nami nikae hapa karibu."

Nikaielekeza kwenye moto.

"Isogeze," akasema. Alikuwa ameukunjua mkono, anapima joto kwa kiganja.

Nikaisogeza.

"Tena."

"Mama, itaungua."

"Isogeze, nimesema."

Niliisogeza hadi vinyweleo vya mikono yangu vikanuka. Mwili wa ngoma ukatoa jasho kidogo, ukang'aa, ukazidi kuwa mweusi. Hapakuvimba popote.

"Siku ile niliishika hapa?" akauliza kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni.

"Hapana, mama. Uliishika mbali zaidi."

"Geuka uwaambie. Mimi nimeshasikia."

Nikageuka.  Nikawaambia kwamba mama aliishika mbali, kwamba vanishi ilikuwa yangu, na maneno ya moto kusogezwa yalikuwa uongo wangu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwanamke mmoja wa rika la ndoo alijifunika uso kwa kanga.

Bi Somoe akanyoosha mikono, akaipokea ngoma, akachomeka mguu wake ardhini kati ya magoti yake. Akapitisha kiganja kutoka kwenye kile kipande cha zamani kwenda kwenye kazi yangu, akarudi, akaenda tena, akitafuta mahali kipande kinapoishia na kazi inapoanzia. Hakupapata. Mlangoni Shukuru alikuwa amesimama, amepakwa mafuta, anasubiri.

Akapiga. Mkono wake haukuwa na kasoro yoyote.